Baba Mdigo, mama Mkamba: nikae upande upi?

SWALI: Shangazi, nina miaka 24, mzaliwa wa Likoni. Babangu Mdigo, mamangu Mkamba wa Machakos. Wenzangu wa maskani wanataka tuunde chama cha Wapwani watupu, maana kazi za bandari na ardhi zimetutoka. Madai hayo nayaona ya kweli. Lakini juzi kwenye kundi letu la WhatsApp mmoja kaandika wabara wafunge virago kabla ya uchaguzi, na mamangu anakaanga viazi karai pale feri. Sheria inakubali chama kama hicho? Nami nikae nao au nitoke?
– Msomaji, Likoni

JIBU: Mwanangu, sheria haikubali. Kifungu cha 91 cha Katiba ya 2010 kinakataza chama kujengwa juu ya dini, lugha, rangi, kabila au eneo. Tena kusajiliwa kunataka wanachama wapigakura 1,000 katika kila kaunti, na kaunti zenyewe ziwe zaidi ya nusu ya zote 47, yaani 24. Pwani tuna sita. Kumi na nane zilizobaki mtazitafuta huko huko bara mnakotaka watu warudi.

Hata kabla ya Katiba hii, Islamic Party of Kenya (IPK) ilinyimwa usajili 1992 kwa kuitwa chama cha dini, na vijana wakapambana na polisi mitaani Mombasa. Shirikisho, chama cha Wapwani, kilisajiliwa, na 1997 Suleiman Shakombo akaingia Bungeni kwa tiketi yake kutoka Likoni yenu. Kwa hivyo sauti ya Pwani kuwa na chama si dhambi, na sitaki mtu akuambie hivyo.

Ila 1997 hiyo hiyo nilikuwa Likoni. Vikaratasi vya kuwaambia wabara waondoke vilitangulia; vilisema yale yale uliyoyasoma kwenye simu. Usiku wa Agosti 13 kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa, kisha vibanda na nyumba za wabara zikateketezwa. Jirani yangu, fundi cherehani Mluo, alikimbilia kanisani na watoto wawili. Asubuhi niliingia chumbani mwake. Gauni la mteja lilikuwa bado chini ya sindano, mkono mmoja umeshonwa, wa pili umening'inia kwa pini. Ile cherehani niliifunika leso, nikawa naitia mafuta kila mwezi. Mwaka wa tatu mwanawe alikuja kuichukua. Fundi mwenyewe hakurudi tena.

Nao vijana wa Kidigo walisombwa na polisi, wengine wakapigwa vibaya bila kosa lolote. Watalii walikimbia, hoteli za Diani zikapunguza watu, na waliorudi nyumbani mikono mitupu walikuwa wana wetu. Ardhi hatukurudishiwa hata pima moja.

Madai yenu basi yashikeni, tena kwa nguvu. Mwaka 2019, amri ya kupeleka makontena Nairobi kwa reli ilipotishia riziki, watu waliandamana hapa kila Jumatatu. Madereva wa malori wa bara na makuli wa Pwani walikuwa bega kwa bega, kwa kuwa mkate ulikuwa mmoja. Hilo ndilo la kujenga.

Kuhusu kundi: usitoke kimya. Andika humo, kwa jina lako, kwamba mamako ni Mkamba, na uliza afunge virago aende wapi. Ujumbe ule upige picha ya skrini uuhifadhi. Sheria ya 2008 ya Uwiano na Utangamano inatoza faini hadi shilingi milioni 1 au kifungo hadi miaka 3 kwa uchochezi wa kikabila, na Tume yake inapokea malalamiko. Wakiendelea, toka, upeleke.

Na mamako mwambie leo. Asije akayasikia kwa mteja. Anakaangia upande wa Likoni au wa kisiwani? Niandikie, Ijumaa navuka, nitampitia.