Je, Picha Isiyo na Watu Yaweza Kuzungumzia Dhuluma?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mchoraji ninayejifunza. Nilipochora picha dhahania, yaani ya rangi na mistari isiyoonesha watu wala vitu halisi, kuhusu ubaguzi, mwalimu wangu alisema kwamba mwenye uchungu wa kweli huchora watu na mateso yao, na kwamba rangi tupu ni njia ya kuyakwepa. Je, ni kweli?

JIBU: Hoja ya mwalimu wako ina uzito, maana wapo wanaomwaga rangi kwenye turubai na kisha kuipachika picha jina la msiba fulani, jambo ambalo binafsi naliona kuwa ni kuwavunjia heshima waliofikwa na msiba huo. Hata hivyo, sikubali kwamba kuacha maumbo ya watu ni kukwepa.

Mtazame Norman Lewis, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Harlem, mtaa wa jiji la New York, mwaka 1909. Katika miaka ya 1930 alichora maskini na waliofukuzwa majumbani mwao, lakini kufikia katikati ya miaka ya 1940 alikuwa amegeukia udhahania, kwa kuwa hakuamini tena kwamba picha za namna ile zingeondoa ubaguzi. Suala lenyewe hakuliacha. Katika mchoro wake wa mwaka 1960 uitwao American Totem, umbo refu jeupe limesimama katikati ya rangi nyeusi. Ukilikazia macho, unaona vinyago na mafuvu ndani yake, na kilele kilichochongoka kama kofia ya Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wa Marekani lililowatesa na kuwaua Weusi. Hakuna anayepigwa wala kunyongwa pichani, na kwa sababu hiyo hofu haina mtu mwingine wa kumwangukia isipokuwa wewe unayetazama. Naamini hapo ndipo udhahania unapoweza kufanya kazi ambayo picha ya kawaida haiifanyi kwa urahisi.

Gerhard Richter wa Ujerumani alipita njia nyingine: alihamishia kwenye turubai nne picha zilizopigwa kwa siri na wafungwa wa Auschwitz-Birkenau, kambi ambamo Wanazi waliwaua Wayahudi kwa wingi, mwaka 1944, kisha akazifunika kwa matabaka ya rangi hadi zikatoweka. Kazi hiyo, Birkenau, aliikamilisha mwaka 2014.

Sasa rudi kwenye picha yako, utafute ni mstari upi, nafasi ipi iliyobanwa au rangi ipi iliyofutwa ambayo isingekuwapo kama usingekuwa unafikiria ubaguzi. Ukiipata, mwoneshe mwalimu wako kwa kidole, mjadiliane hapo. Ukiona kwamba ubaguzi umo katika jina la picha peke yake, ichore upya.