Programu ya kuwapatia wageni marafiki: anza na siku, picha baadaye

Kila baada ya muda kuna kijana huniletea wazo lilelile: programu ya simu ya kumsaidia mtu aliyehamia mji mpya apate marafiki. Michoro anakuwa nayo tayari. Picha, umri, mambo unayopenda, kisha unatelezesha kidole kulia au kushoto. Mimi humuuliza: hawa watu wakishakutana Jumanne hii, Jumanne ijayo watakutana wapi? Mara nyingi michoro haifiki huko.

Nabuni programu za simu hapa Dodoma, na moja niliyoshiriki kuitengeneza ilikuwa ya kazi hiyo. Wageni tunao wa kutosha. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ni wa mwaka 1973, lakini watumishi walianza kumiminika baada ya tangazo la Rais Magufuli la mwaka 2016. Ongeza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wafanyabiashara, na mafundi waliofuata ujenzi wa mji wa serikali kule Mtumba. Mtu anapanga Ilazo au Nzuguni, anakwenda kazini, anarudi, anafunga mlango. Wa kusalimiana nao ofisini anao. Wa kumpigia simu akiugua usiku hana.

Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 utafiti uliohusisha Wamarekani waliokuwa wamehama karibuni. Alikadiria kwamba mtu unayemfahamu tu anahitaji saa 50 hivi za kuwa pamoja nawe ili awe rafiki wa kawaida, saa 90 hivi awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 awe wa karibu. Sawa, Kansas si Dodoma, lakini piga hesabu. Wanaokutana saa moja na nusu kila wiki wanafikisha saa 50 baada ya miezi saba na ushee. Programu inayokuletea mtu mpya kila wiki haikufikishi huko, maana kila wiki unaanza sifuri. Kwa hiyo usiumize kichwa na wasifu wa mtu. Buni kikundi kidogo chenye siku yake, watu walewale, mahali palepale.

Wa kuiga wako karibu kuliko California. Nenda kakae kwenye kikao cha kikoba. Siku haibadiliki, kila mwanachama ana namba yake, sanduku lina kufuli zaidi ya moja na funguo ziko kwa watu tofauti. Asiyefika anaulizwa yuko wapi, na faini inamsubiri. Jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki nazo hukutana kila wiki, nyumba kwa nyumba. Humo watu wanazoeana bila mtu yeyote kutangaza kwamba amekuja kutafuta rafiki.

Sisi tulichukua hilo la kila mtu kuwa na kazi. Ukijiunga na kikundi, programu inakupa jambo dogo: huyu analeta mpira, yule anawahi kushika meza, mwingine anamuulizia kikundini ambaye hajaonekana. Wenye haya ndio wanaolipenda zaidi, kwa sababu wana sababu ya kufika na wana la kusema wakifika. Watu sita hadi wanane wanatosha, na lazima mmoja wao awe mwenyeji anayeujua mji. Ukiweka wageni watupu, jioni nzima itaishia kwenye kulalamikia vumbi na maji ya chumvi ya hapa.

Siku nayo inategemea mji. Ingekuwa Dar ningesema Jumamosi. Dodoma, Ijumaa jioni watu wako na mabegi: tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi huku Julai 2024, watumishi ambao familia zao zimebaki Dar wana njia nyepesi ya kwenda na kurudi mwisho wa wiki. Kwetu Jumanne ndiyo iliyoshika. Mnaanza saa 11 jioni, na ikifika saa 12 na nusu mnaagana, ili akina dada wapate bajaji kabla giza halijakolea.

Na tafadhali, andika saa kwa Kiswahili. Simu inakuletea kisanduku chake cha 5:00 PM kikiwa tayari, na uvivu unakuambia ukiache. Mama mmoja aliyekuwa anatujaribia programu alikitazama, akasema, "Mwanangu, saa tano mimi si niko ofisini?" Sasa pameandikwa "Jumanne, saa 11:00 jioni" na hakuna anayeuliza. Mahali ni vilevile. Zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022 lilitupa majina ya barabara na namba za nyumba, lakini watu bado wanaelekezana kwa duka la dawa na mti wa mbuyu. Mwachie mwenyeji nafasi ya kuelekeza kwa maneno yake, ramani ikae chini.

Kitakachoua programu yako mapema ni inboksi. Bumble, iliyoanza kama programu ya kutafuta wapenzi, iliongeza sehemu ya marafiki mwaka 2016 na kuhamia huko na mtindo wake wa kutelezesha picha. Usiuige. Ukiruhusu meseji za mtu na mtu tangu siku ya kwanza, wanaume watawaandikia wanawake, wanawake wataifuta programu, na utabaki na wanaume wanaosubiri majibu. Kwetu hakuna meseji ya faragha mpaka mmekutana ana kwa ana mara mbili, na anayethibitisha nani alikuwepo ni mwenyeji. Kabla ya hapo mnaongea kikundini, kila mtu anaona. Namba ya simu haionekani kabisa. Watakulalamikia. Usilegee.

Kwenye kujiandikisha, futa "jina la kwanza" na "jina la ukoo". Weka swali moja: ungependa tukuiteje? Mtu mzima wa miaka hamsini hataki kijana wa chuo amwite Rehema kavukavu. Ataandika Mama Neema na mambo yamekwisha. Umri weka kwa makundi ya miaka kumi kumi, ijulikane wa kupewa shikamoo ni nani. Kabila na dini usiulize. Dini ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kukusanya taarifa za watu kunakudai ujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kadiri unavyouliza machache, ndivyo unavyokuwa na machache ya kulinda.

Kuhusu simu zenyewe sina mengi. Jaribu programu kwenye Tecno au itel ya bei nafuu iliyojaa picha na video za harusi. Iwe nyepesi, ratiba ionekane hata bando likiwa limeisha, na kikumbusho cha kikao kije kwa SMS ya kawaida.

Wenye mitaji watakuuliza ni watu wangapi wanafungua programu kila siku. Waonyeshe namba nyingine: waliofika kikao cha nne. Mtu akishapata watu wake ataacha kuifungua, wamehamia kwenye kikundi chao cha WhatsApp na kuchangiana misiba. Hao usiwasumbue na "Tumekukumbuka!" kila wiki. Mtumie ujumbe mmoja tu, ukimwomba awe mwenyeji wa kikundi kipya mtaani kwake.

Pesa? Mgeni usimtoze, ndio kwanza kalipa kodi ya miezi sita. Ongea na waajiri wanaohamisha watumishi, na wenye migahawa ambao Jumanne jioni viti vyao viko wazi. Mgahawa mmoja ulitupa meza ya kudumu kwa sharti kwamba kila anayekaa anunue walau chai. Tulikubali, na bei ya chai tukaiandika kwenye mwaliko.