Kaa wa mikoko: mbonyeze kwanza ndipo umweke kizimbani

Wengi wanaoanza kunenepesha kaa huku Ngomeni na visiwa vya Lamu humpima kwa upana wa gamba, na hasara huanzia hapo. Mbuzi huongezeka kidogo kidogo kila siku. Kaa hawezi, kwa sababu gamba halitanuki. Hulivua, hutoka laini, hunywa maji mpaka akavimba, kisha gamba jipya hukauka juu ya mwili usio na nyama. Huyo ndiye kaa maji: mkubwa machoni, mtupu sufuriani.

Mfunge magando, mgeuze chali, ubonyeze kwa kidole gumba kifuani, penye shina la miguu ya kutembelea. Pakikaza, amejaa; muuze leo, kumweka ni kumlisha bure. Pakibonyea na gamba la mgongoni limeshakauka, ndiye wa kizimbani. Mara nyingi utamkuta gamba safi na meno ya magando hayajalika.

Wiki mbili hadi nne humtosha. Mpe kwa siku asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake: kaa wa gramu 400 apate gramu 20 hadi 40 za samaki wa kukatwakatwa, tena jioni, maana mawindo yake ni ya usiku. Asubuhi toa masazo, yakioza maji hukosa hewa. Kila mmoja awe na chumba chake. Akijivua gamba kati ya wenziwe watamla, hata wawe wameshiba. Wala usimkawize, asije akajivua tena ukarudi kwenye kaa maji.

Kizimba kikae penye kivuli cha mikoko, mahali ambapo hata maji ya bamvua yakitoka hapakauki kabisa.

Jike mpevu utamjua kwa kifuniko cha tumboni, kipana cha mviringo. Cha dume ni chembamba chenye ncha. Mwenye mayai mrudishe majini, mnunuzi anune akipenda. Mayai ya rangi ya chungwa hugeuka meusi yakikaribia kuanguliwa, na mama huyapeleka bahari kuu. Mabuu huelea huko, hupita hatua tano, kisha huwa nusu kamba nusu kaa kabla ya kurudi mikokoni wakiwa kaa wa milimita chache tu.

Ukiletewa wadogo wa upana wa vidole viwili, usiwatie kwenye vyumba vya kunenepeshea. Hao bado watajivua mara nyingi, na chumba kitawabana. Wanataka uzio mpana wenye maficho, na miezi, si wiki.