Vijenzi vya SharePoint: maswali yenu na majibu

Safari hii maswali yote yamehusu vijenzi vya SharePoint, mfumo wa Microsoft wa tovuti za ndani za ofisi. Vijenzi ni vile vipande vya ukurasa vinavyoonyesha orodha, fomu au taarifa nyingine za ofisi.

Ukurasa wetu wa zamani ulikuwa na kisanduku cha kubandika JavaScript (lugha ya msimbo wa kurasa za wavuti), kikizipaka rangi nyekundu kontena zilizopitisha siku za bure bandarini. Kwenye kurasa mpya sikioni. (Wakala wa forodha, Changamwe)

Hukioni kwa sababu hakipo, kaka: kisanduku hicho, Script Editor, hakikuletwa kwenye kurasa za kisasa. Lakini kwa rangi tu, usiandike kijenzi. Fungua mipangilio ya safu ya tarehe ya mwisho ya siku za bure, chagua kuipamba, weka sharti kwamba tarehe iliyo kabla ya leo iwe nyekundu. Ni mistari michache ya JSON, namna ya kuandika mipangilio kwa maandishi. SharePoint Framework, zana ya Microsoft ya kuandikia vijenzi, iachie kazi ambayo orodha yenyewe haiiwezi, kama kuvuta taarifa kutoka mfumo mwingine.

Nimeandika kijenzi cha orodha ya wafanyakazi wa hoteli. Safu ya mshahara huonekana na mameneja tu, na wakubwa wameridhika. Nikabidhi? (Nyali)

Tafadhali usikabidhi, dada yangu. Msimbo wako hauendeshwi kwenye seva. Unaendeshwa ndani ya kivinjari cha anayetazama, kwa ruhusa zake mwenyewe. Ikiwa mhudumu wa mapokezi ana ruhusa ya kusoma orodha hiyo, mishahara yote anayo tayari: akiifungua anwani ya REST ya orodha (anwani ya wavuti inayotoa data yake moja kwa moja), ataletewa na ile safu uliyoificha. Pengine hatajaribu. Lakini mshahara wa mtu ni siri yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka mwajiri aweke kinga ya kweli.

SharePoint haina ruhusa za safu moja moja. Inazo za tovuti, orodha, folda na kila ingizo. Basi hamishia mishahara kwenye orodha ya peke yake, kata urithi wa ruhusa (isifuate tena ruhusa za tovuti), wape mameneja tu. Kijenzi kisome orodha zote mbili. Asiye na ruhusa atakataliwa na seva, na hapo sehemu ya mshahara isionekane kabisa, badala ya kumtupia ujumbe wa hitilafu. Kisha jaribu kwa akaunti ya mfanyakazi wa kawaida, maana akaunti ya msimamizi huona kila kitu na haitakuonyesha tatizo.

Kijenzi kilifanya kazi vizuri miezi yote, sasa orodha ya shehena imekua na kinagoma. (Likoni)

Hesabu maingizo. Orodha huweza kubeba hadi milioni 30, ila ombi moja likilazimika kupekua zaidi ya 5,000 hukataliwa. Wekea faharasa (index) safu unayochujia, kwa mfano tarehe ya meli kufika, na kichujio cha kwanza kiwe hicho. Omba safu unazozihitaji tu, kurasa kwa kurasa. Anayefungua kwa bando la simu akiwa ndani ya feri atakushukuru.

Nianze kujifunza na Add-in au SharePoint Framework? (Mwanafunzi, Tudor)

SharePoint Framework. Microsoft imeweka 2 Aprili 2026 kuwa mwisho wa Add-in, njia ya zamani ya kuongezea programu, kwenye SharePoint ya mtandaoni. Jifunze TypeScript kwanza, lugha iliyojengwa juu ya JavaScript. React, maktaba ya kujengea sura za kurasa, inasaidia, si lazima. Na kabla ya kusakinisha Node.js, programu inayoendesha zana za Framework kwenye kompyuta yako, tazama toleo linalokubaliwa na Framework yako. Kama mwajiri wako bado anatumia SharePoint Server 2019, ile inayowekwa kwenye seva za ofisi yenyewe, usivuke Framework 1.4.1.