Nafanya marejesho kila mwezi, deni haliishi

*Shangazi, shikamoo. Mwaka 2016 sanduku la kikoba chetu lilikuwa likilala kwangu. Nililivunja kufuli zote tatu, nikachukua shilingi 640,000, nikasema ni wezi. Wenzangu kumi na mmoja waliniamini, wakanipa hadi pole. Mmoja, muuza maandazi, alikuwa akisubiri mgawo aezeke nyumba. Mpaka leo upande mmoja ana turubai, nalipita kila siku. Tangu hapo nafunga kila Ijumaa, kanisani nimetoa saruji, sare za kwaya, hakuna harambee inayonipita. Lakini Meza ya Bwana sisogei. Sasa mwanangu ana pumu, naona Mungu ananidai kupitia yeye. Tunahubiriwa Yesu alilipa yote. Mbona mimi bado nadaiwa? Mwenye Deni, Morogoro.*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara ya pili na kalamu mkononi. Saruji, sare, harambee: nadhani laki sita na arobaini umeshazipita. Ila wale kumi na mmoja hujawapa hata mia. Umepanga foleni dirisha siyo, miaka yote hii.

Neno letu *kukomboa* ni la rehani. Mtu kaweka cherehani yake kwa mkopeshaji, kashindwa kulipa, ndugu kaja katoa fedha, cherehani imerudi nyumbani. Mkopeshaji akigonga tena mlango, anaonyeshwa karatasi. Paulo anawaambia Wakolosai kwamba hati iliyokuwa ikitushtaki ilifutwa, ikagongomewa msalabani. Yesu mwenyewe alisema amekuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi, na neno lake la mwisho msalabani, katika Injili ya Yohana, ni "Imekwisha". Sasa wewe unafunga Ijumaa ili upunguziwe! Kufunga ni kuzuri, hata mimi nafunga vidonda vya tumbo vikiniruhusu, lakini si marejesho ya mkopo. Kwa Mungu hudaiwi salio lolote.

Mtoto mtoe kabisa kwenye hesabu hii. Wanafunzi walipomwona yule kipofu wa tangu kuzaliwa waliuliza nani alikosa, yeye au wazazi wake, na Yesu akakataa yote mawili. Mungu aliyekwisha kumtoa Mwanawe aje kudai wa kwako? Pumu ina kliniki yake. Mpeleke, afuate dawa anavyoelekezwa, na usimtazame kwa jicho hilo akikohoa. Watoto wanaona.

Hapa sasa ndipo utakaponinunia. Zakayo hakulipa kwanza ndipo Yesu akaingia kwake. Yesu alijikaribisha mwenyewe, watu wakanung'unika weee, na ndipo yule mtoza ushuru akasimama akasema aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hakusema atachangia sinagogi. Aliahidi kuwarudishia wenyewe, kwa sababu hakuwa tena na cha kuficha. Wewe umefanya kinyume: umeogopa hukumu ya Mungu ambayo ilishabebwa, ukawakwepa wenzako ambao fedha yao ungeweza kuirudisha.

Nenda kwa mchungaji wako, faragha, ungama lote bila kupunguza hata ile pole uliyopokea. Habari ya Meza mtaimaliza hapo hapo. Kisha mwombe yeye, au mama mmoja mwenye kifua, akusindikize kwa mwenyekiti wenu wa wakati ule. Usiende mikono mitupu. Beba ulichonacho na uwape tarehe za kinachobaki, na uongeze juu, maana shilingi ya 2016 siyo ya leo.

Ukifika, tafadhali usifungue mdomo na "Mungu ameshanisamehe". Ni kweli, lakini kwao litakuwa tusi. Wao hawajaamua. Watakufokea, na kuna watakaosema "twende polisi", na pengine mmoja hatakusalimia tena mpaka kaburini. Wana haki. Usiende kununua msamaha wao. Nenda kurudisha kilicho chao, ukae kimya wakikusema.

Kama mwezi huu una fedha ya mtu mmoja tu, mwenye turubai atangulie. Uliza bei ya bati kabla hujaenda. Masika yameshaanza.