Barua kwa Mwanangu Aliye Bandarini

Kibaigwa, Kongwa

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeniambia kwamba ulishinda gatini ukitazama meli ikishusha mafuta ghafi ya mawese kutoka Malaysia, ukakumbuka kwamba sisi huku tunalima alizeti, na ukataka kujua kama maendeleo haya ya uchumi wa dunia yanatutoa katika umaskini au yanatupanga upya tu, aliyekuwa chini akabaki chini. Swali kama hilo nilidhani ungewapelekea walimu wako wa chuo. Lakini kwa kuwa umeniuliza mimi, niliyefundisha shule ya msingi miaka 34 na kulima miaka hiyohiyo, nitakujibu kwa yale niliyoyaona.

Kwanza nisikudanganye kwamba hakuna kilichobadilika. Mwaka 2007 Watanzania waliokuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 34.4, na utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ukawakuta asilimia 26.4. Julai 2020 Benki ya Dunia ikatuweka katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, kwa kuwa wastani wa pato la mtu ulifika dola 1,080 wakati kizingiti kilikuwa 1,036. Fedha unazonitumia hufika kwenye simu yangu kabla sijamaliza kuepua sufuria, ilhali zamani barua ya hundi ilichukua wiki mbili na safari moja ya Dodoma mjini. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba vijijini maskini walikuwa asilimia 31.3 na mijini 15.8, na kwa kuwa watu tunaongezeka kwa kasi, asilimia zilishuka bila idadi ya maskini wenyewe kupungua. Wastani ni kitu cha kuangaliwa kwa jicho la pili. Ukichanganya debe langu na ghala la mfanyabiashara, sote wawili tutaonekana tuna akiba.

Wewe ulisoma uchumi, kwa hiyo unamfahamu Simon Kuznets, aliyeandika mwaka 1955 kwamba nchi inapokua pengo kati ya matajiri na maskini hupanuka kwanza, kisha hupungua. Wengi wameishika hoja hiyo kama ahadi, na wakasahau kwamba mwenyewe alikiri kuwa ilikuwa labda asilimia 5 ushahidi na asilimia 95 makisio. Mimi sioni pengo likijifunga lenyewe. Ninaloliona ni kwamba mali ikija, humfuata yule anayeweza kusubiri.

Kumbuka Juni 2023, ulipokuwa ukidai ada ya muhula wa mwisho. Mnunuzi alikuja nyumbani na debe lake, limepondwapondwa kwa ndani hadi likatanuka ubavuni, na magunia ya kujaza lumbesa yenye kilemba cha kushonea juu. Akachukua punje chache, akazimenya kwa ukucha wa kidole gumba, akasema hazijakauka, ingawa zilikuwa zimelala juani kwenye turubai majuma mawili. Mimi nilijua kwamba ikifika Oktoba au Novemba viwanda vya kukamua vitaanza kutafuta mbegu na bei itapanda. Yeye alijua pia, na alijua kwamba najua. Lakini siku ya mwisho ya kulipa ada ilikuwa ijumaa ile, na karatasi ya chuo ilikuwa mezani, akaiona. Nikauza.

Usimchukie sana mtu yule (debe lake nitalichukia hadi nife), kwa sababu bei hakuipanga yeye. Alipigiwa simu na kiwanda, na kiwanda kinatazama bei ya mafuta ya nje yakishafika Dar es Salaam, hapo ulipo wewe. Na hiyo nayo inafuata bei ya mawese katika soko la Kuala Lumpur. Mwaka mmoja kabla, vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ilikuwa imepaa, maana Ukraine na Urusi ndizo wauzaji wakubwa wa mafuta ya alizeti duniani. Aprili 28 Indonesia nayo ikazuia mawese yake yasitoke, hadi Mei 23. Dukani tukapimiwa mafuta kwa kijiko kama dawa. Watu wa huku wakasema sasa alizeti ndiyo dhahabu, wakakodi mashamba, wengine kwa mkopo. Mbegu ilipokomaa mwaka uliofuata, bei ya dunia ilikuwa imekwisha kushuka. Mwenye kiwanda alipoona hivyo alinunua kidogo na kungoja, naye mkulima mwenye deni hakuwa na namna ya kungoja. Habari ya Jakarta iliwafikia wote wawili, lakini haikuwakuta katika hali moja.

Sasa hao Wamalaysia. Utasikia vijiweni kwamba walichukua mbegu za mchikichi, mti wa mawese, Kigoma wakatajirika, nasi tumebaki tunawaagizia. Si hivyo. Mchikichi asili yake ni Afrika Magharibi, na miche minne ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Shamba la kwanza la biashara huko Malaya, ambayo sasa ni sehemu ya Malaysia, lilianza Selangor mwaka 1917, chini ya Waingereza. Kilichonivutia mimi kilitokea baadaye. Mwaka 1956 waliunda mamlaka ya kuwapa ardhi wasio na ardhi, inayoitwa FELDA, na mchikichi huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa. Familia zile hazikuachwa zijifie njaa kwa miaka hiyo mitatu: zilipewa posho ya kujikimu, kisha mkopo ukakatwa kwenye mavuno. Yaani serikali iliwanunulia muda. Mwaka 1970 karibu nusu ya kaya za nchi ile zilikuwa maskini, na karne ilipokwisha zilikuwa chini ya moja ya kumi. Si michikichi peke yake iliyofanya hayo, na sikwambii kwamba kule ni peponi. Misitu ilifyekwa, na leo kazi ngumu ya kuangua mikungu inafanywa kwa sehemu kubwa na vibarua kutoka Indonesia na Bangladesh, wenye ujira mdogo. Pengo lilihama nyumba, halikufa.

Hapa kwetu tumewahi kuona mafuta yakitafutwa kwa njia nyingine, na babu yako alikuwapo. Waingereza walipotoka vitani walikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, wakaamua mwaka 1947 kulima karanga hapa Kongwa. Walileta vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Babu alikuwa kibarua wa kung'oa visiki, na alikuwa akisimulia jinsi mibuyu ilivyoyashinda matrekta, na jinsi udongo ulivyokauka ukawa kama tofali, karanga zikawa ndani na jembe halipenyi. Wazee walikuwa wakijua ni wapi mvua hukata, lakini hakuna aliyewauliza. Januari 1951 mpango ukafutwa, baada ya kuteketeza zaidi ya paundi milioni 35. Uingereza ilipata aibu, wabunge wakazozana, maisha yakaendelea. Linganisha na Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, pale majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipochukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa Ugogo kwa ajili ya vita vyao, kisha mvua zikakosekana. Koo nzima zilipotea. Mwenye akiba akikosea hujaribu tena. Asiye nayo huzika watu hata pale ambapo kosa si lake.

Mjomba wako wa Ihumwa unamjua. Ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma kweli, alikuja mtu na fedha taslimu, akanunua ekari zake nne kwa bei ya pikipiki na mabati. Mjomba alifurahi, maana mwaka ule uwele ulikuwa umekauka, na nyumba yake ya tembe ilikuwa ikivuja. Mnunuzi hakulima wala hakujenga. Aliweka nguzo za mpaka, akakaa. Leo Mji wa Serikali uko Mtumba, treni ya umeme inapita, na katika zile ekari nne kuna nyumba ya wageni ambamo binti wa mjomba anafua mashuka. Mshahara anaupata kila mwezi, na mjomba mwenyewe husema kwamba tembe haikuwahi kumpa mtu mshahara. Kwa hiyo ukiniuliza kama maendeleo yamemfikia mjomba, nitasema ndiyo, yamemfikia. Yamemfikia akiwa amekwisha kuuza mahali pa kuyapokelea.

Umeuliza pia, mwishoni, kama kuna jambo ungeweza kulifanya huko uliko. Umekwisha kulifanya bila kujua. Tangu uanze kututumia fedha kila mwezi, hii ni mara ya kwanza Juni imepita bila sisi kuuza hata debe moja. Yule mnunuzi alikuja kama kawaida yake, akaketi, akanywa uji, akatazama huku na huku mezani, hakukuta karatasi yoyote. Ghala la chama limejaa, basi magunia 11 tumeyapanga chumbani kwako hadi dirishani, na kitanda tumekisimamisha ukutani. Ukija kabla ya Novemba utalala sebuleni.

Mama yako