Barua kwa mwanangu: Kitabu cha Cohen kisomwe na hundi pembeni

Marahaba, mwanangu.

Umefika katikati ya kitabu alichokitoa Michael Cohen Septemba 2020, kuhusu miaka yake takriban kumi akiwa wakili na mpambe wa Donald Trump, na unaniuliza mambo mawili. Wakili amepata wapi ruhusa ya kuanika siri za mteja wake? Na mtu aliyehukumiwa kwa kusema uongo, utamwamini vipi?

La ruhusa ni fupi. Siri kati ya wakili na mteja ni mali ya mteja, na wajibu wa wakili kuitunza ni mpana, lakini kinga ya mahakamani hulinda ushauri wa kisheria tu. Mipango ya biashara haimo, kuzima habari magazetini haimo, na ushauri uliotafutwa ili kutenda kosa haumo kabisa. Cohen alikuwa na cheo cha wakili, ila sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kutisha waandishi na kupeleka malipo. FBI walipopekua ofisi yake, nyumba yake na chumba chake cha hoteli tarehe 9 Aprili 2018, mahakama ilimpa jaji wa zamani, Barbara Jones, kazi ya kuzichambua nyaraka kabla waendesha mashtaka hawajazigusa. Zilizobainika kuwa siri za kisheria zilikuwa sehemu ndogo tu.

La kumwamini ndilo linalotaka subira. Chini ya sheria ya New York, ushahidi wa mtu aliyeshiriki kosa hautoshi peke yake kumtia mwenzake hatiani. Lazima pawe na jambo jingine linalomgusa mshtakiwa. Jaji Juan Merchan aliwaeleza hivyo raia 12 wa jopo la waamuzi katika kesi ya Trump ya mwaka 2024. Nawe soma kwa kanuni hiyohiyo. Shika penseli, na kila aya uitie alama moja kati ya tatu: alilofanya mwenyewe, alilosikia au kuona kwa wengine, na analodhani juu ya yaliyomo moyoni mwa bosi wake. Dhana ziache zilivyo. Alilosikia, mtafute mwingine aliyekuwepo. Alilofanya, itafute karatasi yake.

Tuanze na karatasi, maana hapo ndipo Cohen ana nguvu. Oktoba 2016, siku chache kabla ya uchaguzi wa urais, alimlipa mwigizaji wa filamu za ngono, Stormy Daniels, dola 130,000 ili asizungumze juu ya madai yake kwamba aliwahi kulala na Trump. Fedha alizikopa kwa dhamana ya nyumba yake na kuzipitisha kwenye kampuni aliyoisajili Delaware mwezi huohuo, Essential Consultants. Fuata taratibu jinsi Cohen alivyorejeshewa fedha hizo na upande wa Trump. Kwenye 130,000 ziliongezwa 50,000 ambazo Cohen alidai kuilipa kampuni ya teknolojia kwa ajili ya Trump, zikawa 180,000. Zikazidishwa mara mbili, 360,000, kwa sababu zingeandikwa kama mapato na kodi ingeweza kula karibu nusu. Juu yake bakshishi ya 60,000. Jumla 420,000, sawa na 35,000 kwa mwezi mwaka mzima wa 2017. Hesabu hii haikutoka kinywani mwa Cohen tu: iliandikwa kwa mkono na Allen Weisselberg, msimamizi wa fedha za Trump, juu ya taarifa ya benki ya Essential Consultants, na taarifa yenyewe ikawa kielelezo mahakamani.

Ndiko yalikotoka mashtaka 34 dhidi ya Trump ya kughushi kumbukumbu za biashara: ankara 11, maingizo 12 ya leja na hundi 11. Miezi ni 12, hundi ni 11, kwa kuwa hundi ya kwanza ilikuwa ya dola 70,000, Januari na Februari kwa pamoja. Tisa zilikuwa na saini ya Trump mwenyewe. Anayesimulia kwa kukadiria huteleza kwenye mambo madogo kama haya, kwa hiyo hesabu miezi kabla hujahesabu maneno.

Lakini itazame tena ile 50,000. Cohen aliilipa ile kampuni ya teknolojia 20,000 tu, iliyobaki akakaa nayo, na ikazidishwa mara mbili pamoja na nyingine. Tarehe 20 Mei 2024, akihojiwa na wakili wa Trump, alikiri kwamba ule ulikuwa wizi. Karatasi ileile inayomthibitisha ndiyo inayomuumbua, nami naona hilo linaipa uzito, kwa sababu karatasi iliyotengenezwa ili kumpendeza shahidi isingekuwa na doa hilo.

Kwa alilosikia, mfano mzuri ni kikao cha Agosti 2015 katika jengo la Trump Tower, kilichokubaliana kwamba habari mbaya zinunuliwe na kufukiwa. David Pecker, aliyekuwa mchapishaji wa gazeti la udaku la National Enquirer, alikuwemo, na alipotoa ushahidi wake alikieleza kikao hicho kabla Cohen hajapanda kizimbani. Hapo una vinywa viwili.

Angalia sasa pale mambo yanapoharibika. Cohen aliapa kwamba tarehe 24 Oktoba 2016, saa mbili na dakika mbili usiku, alipiga simu ya mlinzi wa Trump, Keith Schiller, akazungumza na Trump kuhusu malipo yale. Rekodi ya simu ipo: dakika moja na sekunde 36. Wakili wa upande wa pili akatoa ujumbe mfupi wa usiku uleule, unaoonyesha Cohen alikuwa akimtafuta Schiller kwa sababu ya kijana wa miaka 14 aliyekuwa akimsumbua kwa simu. Waendesha mashtaka wakajibu kwa picha iliyonaswa usiku uleule, saa moja na dakika 57, inayowaonyesha Trump na Schiller wakiwa pamoja. Picha inasaidia, lakini hakuna karatasi inayosema nini kilizungumzwa katika zile sekunde 96. Rekodi ya simu huthibitisha simu. Maneno yaliyopita ndani yake ni jambo jingine, na mazungumzo marefu ya kitabuni, neno kwa neno, miaka mingi baadaye, yapokee kama maana tu.

Jifunze pia namna ya uongo wake. Agosti 2018 alikiri makosa manane: matano ya kodi, moja la taarifa za uongo kwa benki, mawili ya fedha za kampeni. Novemba akakiri kulidanganya Bunge, na uongo huo ulikuwa wa tarehe: alisema mradi wa Trump wa kujenga jengo huko Moscow ulikoma Januari 2016, kumbe uliendelea hadi karibu Juni. Tukio aliliacha, kalenda akaisogeza. Kisha Oktoba 2023 akadai mahakamani kwamba alipokiri yale makosa ya kodi mbele ya jaji alikuwa akidanganya. Kila anapoeleza kodi zake kitabuni, usikubali kitu bila hati ya mashtaka mkononi.

Uchungu wake una sababu pia, usiupuuze. Julai 2020 alipelekewa masharti ya kifungo cha nyumbani yaliyomzuia kuchapisha kitabu; alipoyahoji alirudishwa gerezani Otisville, mpaka Jaji Alvin Hellerstein alipoamua kwamba huko kulikuwa kulipiziwa kisasi. Kitabu kikatoka Septemba 8, wiki chache kabla ya uchaguzi. Mtu mwenye hasira na tarehe ya kuwahi huongeza chumvi kwenye sifa za watu kuliko kwenye takwimu.

Trump amekana yote na amekata rufaa dhidi ya uamuzi wa jopo wa Mei 30, 2024, uliomtia hatiani kwa mashtaka yote 34. Vielelezo vya kesi vilitolewa hadharani. Kitafute kwanza kile chenye mwandiko wa Weisselberg, kiweke mezani, ndipo urudi kwenye sura inayoeleza malipo.

Mama yako